Nani Ana Ruhusa ya Kumwendeleza Kongowea Mswahili?

Ken Walibora alipochapisha Siku Njema mwaka 1996, wasomaji wa Trans Nzoia na Bungoma walipata riwaya iliyowafuata hadi kwao. Msanifu Kombo, anayejulikana zaidi kwa jina la Kongowea Mswahili, ni mtoto wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, na safari ya kumtafuta baba inampandisha bara mpaka Kitale. Mwandishi naye alikuwa mwana wa huku. Alizaliwa Bungoma mwaka 1965 na kukulia Cherang'any. Wako wasomaji waliomwita kwa jina la mhusika wake, na jina hilo likamfuata hadi alipofariki Nairobi, Aprili 2020.

Riwaya ya namna hiyo haiishi kwenye ukurasa wa mwisho. Msomaji wa Lwakhakha, mji wa mpakani huko Bungoma, aliyeandamana na Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale, anajua kwamba kutoka hapo kufika kwao hakuko mbali. Ni jambo la kawaida ajiulize ingekuwaje kama kijana yule angepitia soko la Chwele, akateremka hadi mpakani na kuvuka daraja kuingia Uganda. Siku atakapoandika jibu lake kwenye daftari, au akalituma kipande kwa kipande katika kundi la WhatsApp, atakuwa ametunga hadithi ya shabiki: kisa kipya kinachojengwa na msomaji juu ya wahusika na ulimwengu uliobuniwa na mtu mwingine.

Dai langu ni kwamba hadithi hizi ni mali ya thamani kwa mchapishaji wa biashara, na kwamba wachapishaji wetu hawaihesabu mali hiyo. Sheria ya hakimiliki haiwalazimishi kuizima. Inawapa uwezo wa kuikaribisha, na uwezo huo umelala.

Shule zetu ndizo zinazofundisha kazi hii. Kila aliyepita shule ya sekondari nchini Kenya anaikumbuka insha ya mdokezo: unapewa maneno ya mwanzo au ya mwisho ambayo si yako, nawe unatakiwa uyatafutie kisa. Walimu wa fasihi huongeza mazoezi yao. Andika barua ambayo mhusika fulani angemwandikia mwenzake. Andika shajara ya mhusika usiku ule ambao mwandishi aliuruka. Mtoto anafunzwa kuingia ndani ya kazi ya mwingine na kutembea humo kwa miguu yake mwenyewe. Anapata alama, daftari linafungwa, na hakuna mhariri anayekuja kuuliza kilichoandikwa.

Tuseme sasa kwamba mwanafunzi mmoja wa Lwakhakha ameandika kurasa 60 zinazomchukua Kongowea Mswahili baada ya riwaya kwisha. Hajanakili hata sentensi moja ya Walibora. Je, amevunja sheria?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2003, inaorodhesha kazi inazozilinda, zikiwemo za fasihi, za muziki, za sanaa, za picha na sauti, sauti zilizorekodiwa, na matangazo. Mhusika hakutajwa peke yake mahali popote katika orodha hiyo. Kinacholindwa ni riwaya. Lakini mwenye riwaya anapewa mamlaka mapana juu yake: kuizalisha upya, kuitafsiri, kuitohoa na kuisambaza kwa umma, iwe nzima au sehemu yake kubwa, katika umbo lake la asili au katika umbo lolote linalotambulika kuwa limetokana na la asili. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachomnasa shabiki. Kongowea mwenye mama yuleyule, Tanga ileile na machungu yaleyale anatambulika kirahisi. Jina peke yake, likiwekwa juu ya kijana mwingine mwenye maisha mengine, ni jambo jepesi zaidi, na hapo wakili mzuri ana la kusema.

Sheria hiyohiyo inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio ya wakati huo. Kwa usomaji wangu, daftari la mwanafunzi yule liko salama chini ya matumizi binafsi. Likipita mikononi mwa marafiki watatu, bado sioni mwenye haki atakayekwenda mahakamani. Likichapwa saiba, likatolewa fotokopi mia moja na kuuzwa, ulinzi huo umekwisha.

Kuna kifungu ambacho hata watu wa biashara ya vitabu hukisahau, nami nakiona ndicho muhimu kuliko vyote katika suala hili. Sheria inasema kazi haikosi hakimiliki kwa sababu tu utungaji wake ulihusisha kuvunja hakimiliki ya kazi nyingine. Maana yake, kurasa 60 za mwanafunzi wetu, zikiwa zimeandikwa kwa juhudi yake, ni zake, hata kama hana ruhusa ya kuziuza. Mchapishaji wa Siku Njema hawezi kuzichukua na kuzitoa kama mwendelezo bila kukubaliana na mtoto huyo. Kila upande umeshika nusu ya ufunguo. Shabiki hawezi kuuza bila mwenye riwaya, na mwenye riwaya hawezi kuuza bila shabiki. Hali kama hiyo kwa kawaida huwaleta watu mezani.

Juu ya hayo kuna haki ya kimaadili ya mwandishi, inayobaki kwake hata baada ya kusaini mkataba na mchapishaji: haki ya kutajwa kuwa mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayoharibu heshima yake. Naitaja kwa uzito kwa sababu ndiyo pingamizi la haki kuliko yote. Mwandishi aliyemwandika mtoto yatima kwa uchungu ana sababu ya kukasirika akimkuta mtoto huyo katika kisa cha uchafu. Mchapishaji anayetaka kuwakaribisha mashabiki lazima amuulize mwandishi kwanza, na akikataa, jambo limekwisha.

Na mwandishi akiwa ameshafariki, warithi ndio wa kuulizwa, tena kwa muda mrefu. Hakimiliki ya kazi ya fasihi nchini Kenya hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kazi za Walibora zitalindwa mpaka tarehe 31 Desemba 2070. Mtoto anayezaliwa Sirisia mwaka huu atakuwa mtu mzima wa makamo kabla hajaruhusiwa kuchapisha mwendelezo wa Siku Njema bila kumwomba mtu.

Lwakhakha ina tatizo la ziada ambalo Nairobi haina. Mto unaoupa mji huo jina ndio mpaka. Ng'ambo ni wilaya ya Namisindwa, na huko inatawala Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006. Muda wa ulinzi unafanana, maisha na miaka 50, lakini sheria ya Uganda inaeleza wazi vigezo vya kupima matumizi ya haki, ikiwemo kama matumizi ni ya biashara au ya elimu, na athari yake kwa soko la kazi ya asili. Inatambua pia kwamba kazi iliyotokana na nyingine inaweza kupata ulinzi wake yenyewe. Kijitabu kilichochapwa upande wa Kenya na kuuzwa upande wa pili siku ya soko kinakutana na sheria mbili ndani ya mwendo wa dakika chache. Mchapishaji akitoa ruhusa ya Kenya peke yake, ameruhusu nusu ya mji.

Mtu akisema kwamba kuendeleza kazi ya mwingine ni tabia ya kigeni iliyoletwa na intaneti, ajibiwe na historia ya fasihi ya Kiswahili. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ndiye anayehusishwa na Takhmisi ya Liyongo. Takhmisi ni utanzu mzima uliojengwa juu ya tabia hiyo: mshairi huchukua mishororo miwili ya mtu mwingine, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Hakuna aliyemshtaki. Ilikuwa heshima kwa aliyetangulia na mtihani kwa aliyefuata, kwani udhaifu wa mishororo mitatu ungeonekana mara tu ilipokaa kando ya ile miwili. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alichukua kisa kutoka Alfu Lela Ulela na kukifanya chake kiasi kwamba wasomaji wengi hawajui kilikotoka.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Unguja. Muhammed Said Abdulla alimpenda Sherlock Holmes. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau, kinatupa Bwana Msa mwenye kiko chake na utulivu wake wa kufikiri, na Najum anayeandamana naye kama Watson anavyoandamana na Holmes. Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, alifariki mwaka 1930, kwa hiyo mwaka 1960 Holmes alikuwa bado chini ya ulinzi. Mwandishi wetu hakumgusa. Alibuni jina jipya, nyumba mpya, mji mpya, watu wenye dini na desturi za Unguja, akabaki na mapenzi yake kwa namna ya kusimulia. Kwa njia hiyo tulipata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na nyingine zilizofuata, na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ikapata msingi. Shabiki alizaa soko, na mchapishaji wa serikali ya kikoloni ndiye aliyekuwa na akili ya kuitisha shindano.

Nusu karne baadaye jambo la aina hiyo lilitokea Uingereza kwa kipimo cha kutisha. E. L. James alianza kwa kuandika hadithi ya mashabiki wa Twilight, akabadilisha majina ya wahusika, na Fifty Shades of Grey ikatoka mwaka 2011. Mwaka uliofuata haki zake zilinunuliwa na kampuni kubwa, na mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 100. Sikitaji kitabu hicho kwa ubora wake. Nakitaja kwa sababu wasomaji walikuwa wamekusanyika na kupiga kura zao kabla mhariri yeyote hajaombwa maoni.

Tugeukie wachapishaji wetu. Biashara ya vitabu Kenya inasimama juu ya shule. Kitabu kikiidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, mchapishaji analala usingizi. Kisipoidhinishwa, hadithi ni nyingine. Tangu serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, maduka ya vitabu ya miji kama Bungoma na Kitale yamepoteza wateja waliokuwa wakiyalipia kodi ya nyumba, na riwaya ambayo si ya mtihani imepoteza rafu iliyokuwa ikiionyesha. Riwaya iliyoteuliwa nayo ina umri wake. Kidagaa Kimemwozea, riwaya nyingine ya Walibora, ilisomwa na watahiniwa wa kidato cha nne kuanzia 2013 hadi 2017. Kisha ikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na wimbi likahamia huko. Wahusika ambao mamia ya maelfu ya vijana waliwajua kwa majina wanaachwa nyuma ndani ya muhula mmoja, hali wale vijana bado wako hai, wamekua, wana simu mkononi na mshahara mdogo mfukoni.

Hapo ndipo ninapoiona thamani. Mchapishaji hana njia ya bei nafuu ya kujua ni mhusika gani aliyebaki moyoni mwa wasomaji miaka mitano baada ya mtihani. Ripoti ya mauzo haimwambii, kwa kuwa mauzo yale yalikuwa ya lazima. Hadithi ya shabiki imeandikwa bila kulazimishwa na mtu. Kama vijana wa Sirisia wanaendelea kumwandika mhusika wa pembeni na kumwacha shujaa, huo ni utafiti wa soko ambao kampuni ingelipa fedha nyingi kuupata. Tena unamwonyesha mhariri ni nani kati ya vijana hao anayejua kusimulia. Na kila mwendelezo unaosomwa humrudisha mtu kwenye kitabu cha kwanza, maana huwezi kuuelewa bila kukisoma.

Soko hilo linaweza kuvuka daraja. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Utekelezaji unahitaji walimu na vitabu, na utachukua muda, lakini upande wa Namisindwa watoto watahitaji hadithi za Kiswahili zenye mahali wanapopajua. Riwaya iliyotungwa Tanga au Nairobi haina mahali hapo. Mwendelezo ulioandikwa na kijana wa mpakani unapo.

Wachapishaji wakisikia maneno haya hutaja uharamia, na wana haki ya kuumia. Vitabu teule hunakiliwa na kuuzwa mitaani kwa bei ya kutupa, mwandishi akikosa mrabaha wake na mchapishaji gharama zake. Lakini haramia na shabiki ni watu wawili tofauti. Haramia anauza maneno yaleyale ili mnunuzi asinunue nakala halali. Shabiki anaandika maneno mapya kwa mtu ambaye tayari amesoma. Sheria za kupambana na wa kwanza zisigeuzwe rungu la kumpiga wa pili. Mabadiliko ya mwaka 2019 katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya yaliyoweka utaratibu wa kuondoa kazi mtandaoni kwa notisi yanaweza kutumika vizuri dhidi ya anayesambaza riwaya nzima, na yanaweza pia kumfuta mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa barua moja.

Isitoshe, wachapishaji wenyewe wanaishi kwa kazi zilizojengwa juu ya kazi za wengine. Miongozo ya kitabu teule kimoja hutolewa na kampuni mbalimbali, zikiwa na muhtasari wa sura, maelezo ya wahusika na dondoo. Suala hilo lilifika mahakamani New York mwaka 2008, pale J. K. Rowling na Warner Bros. walipomshtaki mchapishaji wa kamusi ya ulimwengu wa Harry Potter iliyoandaliwa na shabiki. Jaji alisema vitabu vya marejeo kuhusu kazi za fasihi vina nafasi yake na ni vyema viwepo, lakini hicho kilikuwa kimenakili maneno ya mwandishi kupita kiasi. Fidia ilikuwa dola 6,750, na mwaka uliofuata kamusi ilitolewa ikiwa imepunguzwa. Kipimo hicho nakiona kizuri hata kwetu: umechukua maneno kiasi gani, na umeongeza nini?

Kuna deni jingine ambalo nalihisi zaidi nikiwa nafikiria Lwakhakha. Wabukusu wa upande wa Kenya wanasimulia habari za Mango, aliyeua nyoka na ambaye kwake wanaanzishia tohara yao. Wagisu wa ng'ambo, ndugu zao wa Mlima Elgon, wana simulizi inayojulikana sana ya Masaba aliyetahiriwa kwa sababu ya mwanamke aliyeitwa Nabarwa. Vizazi vimeyaendeleza masimulizi hayo, kila fanani akiongeza lake, hadhira ikimkosoa. Ngano na visasili vya jamii zetu vimejaza vitabu vya kiada na mikusanyo ya hadithi kwa miongo mingi, na jamii zilizovitunza hazikuandikwa kwenye mkataba wowote. Katiba ya 2010 ililiona hilo ikaagiza Bunge litunge sheria ya kuzifidia jamii kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka 2016 ikaja Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni, inayotaka jamii iombwe ridhaa. Mchapishaji aliyepata mtaji wake kutoka kwa fanani wa kijijini anapaswa kuwa mpole kwa mjukuu wa fanani huyo anayeandika juu ya wahusika wa kampuni. Mpaka unatatanisha hata hapa, kwa kuwa jamii yenye masimulizi iko pande zote mbili za mto, na ndiyo sababu itifaki ya ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika, kuhusu maarifa ya jadi, iliyopitishwa Swakopmund, Namibia, mwaka 2010 inastahili kusomwa na watu wa Bungoma na Mbale pia.

Njia ya kuanzia haina gharama kubwa. Ukurasa ule wa haki mwanzoni mwa kitabu, ambao leo unakataza kila kitu kwa sentensi moja, unaweza kueleza kwamba mwandishi na mchapishaji wanaruhusu hadithi mpya zisizouzwa, zinazotaja kazi ya asili, zisizonakili kurasa zake, na zisizowaweka wahusika watoto katika mambo ya aibu. Kampuni inayoogopa kuanza na kitabu kilicho hai ianze na kilicho huru. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kwa miaka 50 ya sheria ya Kenya kazi zake hazina kizuizi tangu Januari 2013. Shindano la kuiendeleza Kusadikika, lenye washiriki kutoka shule za Bungoma, Trans Nzoia na Namisindwa, halihitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Fedha zikiingia, mkataba uandikwe vizuri kuliko ulivyoandikwa kwingine. Mwaka 2013 Amazon ilifungua Kindle Worlds, ambako mashabiki waliruhusiwa kuuza hadithi za ulimwengu uliokodishwa na wenye haki. Mwandishi wa kazi ndefu alipata asilimia 35 ya mapato halisi, lakini alichobuni yeye kiliingia katika mikono ya kampuni na ya mwenye ulimwengu. Mpango ulifungwa mwaka 2018. Kwetu mrabaha ugawanywe kati ya shabiki na mwandishi wa asili au warithi wake, na mhusika mpya aliyebuniwa na shabiki abaki wa shabiki.

Mwandishi wa Kiswahili anayesaini mkataba mwaka huu asisubiri kampuni imfikirie. Aombe kifungu kinachosema ni nani mwenye kutoa ruhusa ya kazi za mashabiki, yeye au mchapishaji. Aombe kieleze nini kitatokea kitabu kikiwa hakichapwi tena. Na palipoandikwa kwamba haki hizi ni za Kenya, aombe iongezwe Uganda.